Sponji ya Kangeta

Dallas, Embu
12 Januari 2025

Kwako Dada Ntinyari,

Pokea salamu zetu sote. Natumaini karatasi hii itakukuta mzima, wewe na mafundi wako. Hapa tunaendelea. Mke wangu Nelius bado anafundisha shule ileile, ila magoti yanamsumbua akipanda ngazi. Maxine wetu alimaliza chuo na amepata kazi ya maabara hapa mjini. Mimi bado nashuka Siakago kila asubuhi, ofisi ileile, joto lilelile.

Nakuandikia kwa sababu namba yangu uliifungia tangu Juni. Sikulaumu. Mwenye gari la vifurushi ameniambia kila Jumanne anapita mbele ya karakana yako, nikaona nimpe bahasha.

Habari kubwa ni ya Maxine. Kuna kijana anaitwa Mugambi, wazazi wake ni walimu, na wanakuja nyumbani rasmi kuposa tarehe 30 Agosti. Kwa hivyo natengeneza sebule. Nimebomoa ukuta wa kati na mahali pake naunda tangi la samaki la futi sita. Wewe hujui kwamba nafuga samaki. Nilianza na tangi dogo mwaka jana, na sasa siwezi kuacha.

Shida ni moja. Tangi likiwa kioo kitupu, mabomba na waya vinaonekana kwa nyuma, kama duka la fundi redio. Inatakiwa uweke ukuta wa mawe ndani, upande wa nyuma. Mawe ya kweli ni mazito, yatapasua kioo, kwa hivyo mtu anachonga ya bandia. Nilijaribu ile sponji nyeupe inayofungiwa friji, nikaipaka saruji na rangi, nikaigandisha kwa silikoni. Nilipojaza maji iling'oka, ikaelea na saruji yake. Nikajaribu povu la mkebe, lile mafundi wanapuliza kwenye fremu za milango. Lilinuka wiki tatu, samaki wakawa wanapanda juu kutafuta hewa. Madukani hapa Embu wananiuzia sponji laini ya magodoro ya bei rahisi, ukiweka kisu inakatika kama mkate uliolowa.

Inayofaa ni ile nzito ya kijivu, ya inchi nane, unayotumia kwenye viti vya ofisi. Inachongeka, inakunywa maji na kutulia chini. Kwenye tangi dogo nilitumia kipande nilichopata mwaka jana, na hadi leo kila mgeni anauliza nilibebaje jiwe lile. Nimekuwekea picha uone rangi. Nahitaji vipande viwili, futi tatu kwa mbili kila kimoja. Sema bei.

Ndugu yako,
Mwiti


Kangeta
20 Februari 2025

Mwiti,

Bahasha yako ilifika Jumanne iliyofuata. Niliiweka kwenye droo ya mikasi, ikakaa humo wiki nne kabla sijaifungua.

Salamu nimepokea. Mwambie Nelius pole kwa magoti. Mwambie Maxine shangazi yake amefurahi kusikia ana kazi. Sisi tuko. Mvua ilikataa Desemba, miraa ikawa ghali na watu wa hapa wakawa na pesa, kwa hivyo nimeshona viti vingi kuliko mwaka wowote. Binamu yetu Riungu alianguka kutoka juu ya mti akichuma, akavunjika mkono, sasa anapona. Anakusalimu. Mimi nimeshona kila siku isipokuwa Jumapili, maana nikikaa bure nafikiri.

Picha nimeitazama kwa miwani. Nimeibandika ukutani juu ya cherehani.

Sponji unayotaka ninayo. Kutoka hapa hadi Meru mjini hakuna mwingine anayeiweka, maana mimi huagiza bonge zima kutoka kiwandani na kulikata mwenyewe. Bei yake ni hii: sitaki pesa yako. Nitakuuliza kitu kimoja, ujibu kwa ukweli, nami nitakutumia kipande kimoja. Kisha nitakuuliza cha pili.

Cha kwanza. Mwaka jana, Jumatano tarehe 12 Juni, ulinipigia simu ukaniambia Mama alifariki jana na tutamzika Jumamosi. Ulimzika Alhamisi. Kwa nini?

Ntinyari


Dallas, Embu
4 Machi 2025

Dada mpendwa,

Asante kwa kujibu. Pole sana kwa Riungu, mwambie mkono usibebe kitu kizito miezi mitatu. Hapa kwetu mvua imeanza vizuri. Nelius amepanda maharagwe nyuma ya nyumba. Maxine alileta picha za kijana, ni mtu mpole.

Kuhusu ulichouliza, dada, mambo yale yameshapita. Mama amepumzika. Mchungaji mwenyewe alisema tusichimbue huzuni. Ulijua hali ilivyokuwa, mvua, barabara, mochari imejaa. Mimi nilikuwa peke yangu nikipanga kila kitu. Naomba tusianze tena.

Nimemaliza kuunganisha kioo cha tangi kubwa na halivuji. Likikaa hivi bila ukuta wa nyuma linaonekana kama jeneza la kioo, Nelius mwenyewe amesema. Tafadhali nitumie hata kipande kimoja nianze kuchonga. Kuchonga peke yake ni mwezi mzima, na kikishagandishwa lazima kilowekwe, maji yabadilishwe mara nyingi kabla samaki hawajaingia.

Ndugu yako,
Mwiti


Kangeta
10 Aprili 2025

Mwiti,

Hujambo. Sisi hatujambo. Riungu ametolewa plasta.

Ndani ya kifurushi hiki kuna kipande kinachotosha kiganja. Kichonge ujue kwamba ndiyo yenyewe. Kingine hutapata kwa barua kama ile.

Unasema nilijua hali ilivyokuwa. Ngoja nikuambie nilichojua. Niliondoka hapa Ijumaa alfajiri, siku moja kabla ya siku uliyonipa, kwa sababu nilitaka kumwosha Mama na kumvalisha kwa mikono yangu. Nilikuwa na shuka jipya, mafuta, na lile gauni la kijani la kanisani alilolipenda. Nilifika kwako Dallas, jirani akaniambia mmeenda Siakago, kwenye shamba lako. Nikashuka Siakago. Nikauliza njia kwa wauza ndizi. Nilipofika getini nilikukuta umeketi kwenye kiti cha plastiki unakunywa soda na wazee wawili nisiowajua. Nyuma yako kulikuwa na tuta la udongo mwekundu, na maua yalikuwa yameshanyauka kwa jua.

Ulisimama ukasema, "Dada, umekuja mapema."

Hayo ndiyo maneno yako. Nilikaa na gauni lile mapajani mpaka jioni. Watu wa ukoo huku waliniuliza kwa nini mama yetu Celina amelazwa kwenye mchanga wa watu wengine wakati Baba amelala peke yake pembeni ya miraa yake. Walidhani tulipanga pamoja mimi na wewe.

Nimeuliza swali. Ninangoja.

Ntinyari


Dallas, Embu
27 Aprili 2025

Dada Ntinyari,

Pasaka ilikuwa njema. Nelius anakusalimu. Kipande kidogo nimekichonga, kimetoka vizuri sana, hata mikunjo ya jiwe inaonekana.

Nitakujibu. Mama alifariki Jumanne tarehe 11 saa sita mchana. Hiyo ni kweli. Jumatano nilipokupigia nilikuwa nimeshaamua kwamba atazikwa kesho yake. Nilikuambia Jumamosi ili usifike kabla. Shamba la Siakago lilikuwa karibu, na pale hakuna mtu wa kwetu ambaye angekuja kuuliza maswali.

Nilijua ukifika utataka kumwosha.

Umeniuliza kwa nini, na hiyo ndiyo sababu. Naomba usiniulize zaidi ya hapo. Nitumie kipande.

Mwiti


Kangeta
19 Mei 2025

Mwiti,

Kipande cha kwanza hicho, futi tatu kwa mbili, inchi nane. Nilikikata mwenyewe Jumamosi. Nimetimiza.

Huku baridi imeingia, asubuhi hatuoni hata upande wa pili wa barabara. Riungu amerudi shambani ingawa daktari alimkataza. Nimeuza seti nzima ya viti kwa kanisa.

Sasa swali la pili. Mwaka jana mwezi wa kwanza, baada ya Mama kuvunjika nyonga nawe ukasema akae kwako kwa sababu hospitali iko karibu, nilimtengenezea godoro. Daktari alisema mgonjwa wa kulala siku zote asilalie kitu chembamba, mwili utaoza. Nililala chini siku tatu nikilijaribu kwa mgongo wangu mwenyewe. Bonge moja halikutosha upana, kwa hivyo niliunganisha mawili kwa gundi ya manjano, na muungano sikuukata moja kwa moja, niliukata kwa meno kama msumeno ili usimchome. Hakuna mtu mwingine anayekata hivyo. Alinifundisha fundi mmoja wa Maua aliyekwisha kufa.

Nilikuja Machi nikamkuta analilalia, mgongo wake ni safi kama wa mtoto. Aprili nilitaka kuja, ukasema Nelius ana wageni. Mei ukasema Mama anaambukizwa kifua kirahisi, nisubiri.

Katika picha uliyonitumia, samaki wawili wa njano wanapita mbele ya jiwe, na katikati ya jiwe, kutoka juu hadi chini, kuna mstari wa gundi ya manjano wenye meno kama msumeno.

Niliuona Februari. Nimeutazama kila siku nikishona. Nataka uuandike wewe.

Godoro la Mama liko wapi?

Ntinyari


Dallas, Embu
6 Julai 2025

Dada,

Nimekaa na barua yako wiki saba. Nimeanza kukujibu mara nyingi nikachana. Nelius anafikiri naumwa. Sijamwonyesha.

Liko kwenye tangi dogo.

Mwezi wa nne Mama alianza kujikojolea kila siku. Kitambaa cha juu kiliharibika, nyumba ikanuka, Nelius akasema godoro litupwe. Mimi nikalivua kitambaa, nikaliosha kwa bomba la gari na kuliegemeza ukutani nje likauke. Mama tukamlaza kwa muda kwenye godoro la zamani la Maxine, lile jembamba. Ilichukua siku tano kukauka. Siku ya tano nilikuwa nimekaa pale nalitazama, nami nilikuwa na tangi jipya bila ukuta wa nyuma. Nikasema nikate kona moja tu, nijaribu. Ilichongeka vizuri mno. Nikakata na nyingine. Jioni ile lilikuwa limeisha, nikajiambia mwisho wa mwezi nitamnunulia jingine.

Mwisho wa mwezi nilinunua pampu na taa.

Vidonda vilianza mgongoni, kisha kwenye nyonga. Cha nyonga kilikuwa na upana wa kiganja. Nilimleta muuguzi wa zahanati mara mbili, mara ya pili akaniambia, "Mzee, huyu mama analala juu ya mbao." Sikumwita tena. Ndiyo sababu sikutaka uje. Kila siku nilisema vitapona kwanza, halafu nitamwita Ntinyari.

Mama hakunilalamikia. Aliuliza tu mambo mawili. Alikuwa anauliza, "Ntinyari amefika?" Nami namjibu yuko njiani. Na wiki ya mwisho alisema, "Nipelekeni kwa baba yenu." Alirudia sana. Alitaka kulala pale kando ya Baba. Nilimwambia sawa Mama.

Nilipokuona getini na lile gauni, sikuweza kusema kitu kingine. Ndiyo maana nilisema umekuja mapema.

Sasa umejua. Nitumie kipande cha pili au usitume. Ila nakuomba kwa ajili ya Maxine, tarehe 30 Agosti uje. Watu wa Mugambi wanauliza shangazi wa bibi harusi ni nani. Nimewaambia utakuwepo.

Mwiti


Kangeta
15 Julai 2025

Mwiti,

Barua yako niliisoma nikiwa nimesimama, mteja akingoja kochi lake. Nikamrudishia kochi halijakwisha.

Nilimsomea Riungu, kisha mzee wa ukoo, kisha mchungaji wetu. Kesho yake nilitoa nakala nikapeleka kwa wakili, kwa sababu sasa kuna mkono wako unaosema Mama alitaka kulazwa wapi. Amesema kibali cha kumhamisha kinaweza kupatikana haraka ukikubali wewe mwenye shamba. Ukikataa tutakwenda mahakamani, na barua hii itasomwa mbele ya watu, pamoja na pampu na taa.

Karatasi ya kukubali iko ndani ya bahasha. Weka sahihi, rudisha na gari lilelile la Jumanne. Ikifika, nitatuma kipande cha pili. Na tarehe 30 nitakuja kukaa kiti cha shangazi, kwa sababu Maxine hakukata kitu.

Usiniandikie maneno mengine.

Ntinyari


Dallas, Embu
22 Julai 2025

Dada Ntinyari,

Karatasi hii hapa, nimeweka sahihi mbele ya chifu. Hatuna mengi huku, Nelius ana homa.

Nakuomba mambo mawili. Kufukua siwezi kutazama, nitampa Riungu ufunguo wa geti na sitakuwepo. Lakini kuzika nataka kuwepo. Mimi ni mtoto wake wa kiume pekee. Nataka kushika kamba ya jeneza, na kumwambia Mama neno moja kabla hajafunikwa. Sijawahi kulisema. Siakago siku ile nilikuwa nawaharakisha wachimbaji.

Niambie siku na saa. Nitaleta Nelius na Maxine.

Mwiti


Kangeta
6 Agosti 2025

Kwako Mwiti,

Nelius apate nafuu. Huku tuko wazima, tumeshapalilia njia ya gari hadi kwa Baba.

Kibali kimetoka. Kipande cha pili ni hiki.

Mama atazikwa Jumamosi tarehe 16, saa nne asubuhi. Njooni.

Ntinyari


Dallas, Embu
18 Agosti 2025

Ntinyari,

Tuliondoka Jumamosi saa kumi alfajiri. Nilivaa suti. Maxine alikuwa ameshona shada la maua mwenyewe, usiku wa Ijumaa hakulala. Nilikuwa nimeandika neno langu kwenye kikaratasi nisije nikalisahau.

Tulipofika saa tatu hakukuwa na hema wala viti. Nikadhani tumetangulia. Nikazunguka nyuma ya nyumba ya Baba nikaona saruji imeshamwagwa. Imekauka. Kuku walikuwa wanatembea juu yake. Mtoto wa jirani akatuambia bibi alizikwa Alhamisi, watu walikuwa wengi, mbuzi watatu walichinjwa.

Nilikuja karakana. Ulikuwa umekaa mlangoni unakunywa chai. Uliniangalia ukasema, "Mwiti, umekuja mapema."

Nelius hakuelewa. Maxine alinigeukia akauliza, "Baba, shangazi ana maana gani?" Nilisimama tu pale barabarani, wachuuzi wa miraa wananitazama. Tukiwa njiani kurudi aliuliza tena, na tena, na tulipofika karibu na Chuka nilisimamisha gari nikamwambia yote. Godoro, vidonda, yote. Nelius alilia. Alikuwa anajua vidonda, hakujua kwamba wewe hujui.

Maxine hajaongea nami tangu siku hiyo. Jana alichukua ndoo, akahamisha samaki wa tangi dogo, akalitoa lile jiwe na kulibeba nje kwa mikono yake. Sijui amelipeleka wapi. Sikuuliza.

Nilikosea na nimekubali kwa maandishi. Ulikuwa na kila kitu. Ulikuwa na barua, kibali, ukoo mzima nyuma yako. Ungeniacha nishike kamba tu.

Mwiti


Kangeta
24 Agosti 2025

Mwiti,

Leo ni Jumapili, nimetoka kanisani sasa hivi. Riungu yuko hapa, amekataa kunisalimia tangu wiki iliyopita kwa sababu yako. Anasema nilivuka mpaka. Anakula chakula changu lakini hanisalimii.

Sitakudanganya. Nilifurahi. Tangu Februari nilikuwa nikiliona akilini lile gari lako likipanda hadi kwa Baba na wewe ukishuka na suti. Nililingojea neno lile miezi sita, nikajua nitalisema nikiwa nimekaa, na kikombe mkononi, kama ulivyokuwa na soda yako. Nilipolisema lilikuwa tamu. Nilimaliza chai yangu.

Kitu ambacho sikukiona kwenye picha ile ya kichwani mwangu ni Maxine na shada. Alilishika kwa mikono miwili kama mtu aliyebeba sahani ya moto, akawa hajui aliweke wapi. Mlipoondoka nililikuta kwenye kizingiti cha karakana. Nimelipeleka kwa Mama.

Kuna lingine nakuambia kwa sababu wewe umeniambia yako. Mwezi wa pili, nilipokwisha kuitazama picha, nilikata vipande viwili vya kipimo chako nikavimwagia dawa ya kunguni, ile ambayo lebo yake imeandikwa isikaribie mito yenye samaki. Nikavifunga kwenye nailoni nikaandika jina lako. Vilikaa stoo miezi mitano. Kila Jumanne gari lilipopita nilivitazama. Nilitaka uwaone samaki wako wakilala upande wakifa, siku baada ya siku, nawe hujui ni kwa nini. Nilivichoma tarehe 8 Julai, siku niliyopata barua yako, kwa sababu nilikuwa nimepata kitu kikubwa zaidi. Ulivyo navyo ni safi. Weka samaki wako.

Na sasa nikuambie ya Alhamisi, maana hukuwepo na ni haki yako kujua, ingawa ni mimi niliyekunyima.

Tulianza kumtoa Siakago saa moja asubuhi. Udongo ule ni mgumu, vijana walichukua saa tatu. Nilikuwa na shuka, mafuta, na gauni la kijani. Afisa wa afya alikuwa mwanamke wa rika langu. Nilimwambia, "Mimi ni binti yake, nataka kumwosha." Akaniambia jeneza halifunguliwi, ni sheria. Nikamwambia nimengoja miezi kumi na minne. Akanishika mkono akasema, "Mama, hakuna cha kuosha sasa." Alisema kwa upole. Sikuwa nimelifikiria jambo hilo hata siku moja. Nilidhani nikikushinda wewe nitamkuta kama nilivyomwacha Machi.

Kwa hivyo nilitandaza gauni juu ya kifuniko na tukapanda naye hivyo, njia nzima hadi nyumbani, mkono wangu ukilishikilia lisipeperuke. Amelala upande wa kulia wa Baba. Sehemu yako ya kamba alishika Riungu kwa mkono wake mbovu.

Tarehe 30 nitakuja. Nitafika saa tatu na nitaondoka watu wa Mugambi wakishaondoka, si kabla, ili Maxine asiulizwe. Nitakaa mahali mtakaponikalisha. Wakiniuliza mama yetu alifariki kwa ugonjwa gani, nitasema nyonga.

Baada ya hapo njia ya kaburini iko wazi siku zote, geti la Baba halina kufuli. Ukitaka kuja kumwambia neno lako, njoo. Usinipitie. Mimi bado siwezi.

Dada yako,
Ntinyari